Kopo la Vitamini

"Sindano, uko wapi?"

"Nyuma ya lori, Mjomba. Limepita kituo cha mafuta, linaelekea bondeni."

"Usilikaribie. Fuata tu."

"Sawa."

Redio ikakatika. Sindano akainama juu ya Yamaha yake, akaacha magari kadhaa katikati. Mbele, lori jeupe la Isuzu lilikuwa likijikokota kama halina haraka na maisha.

Ghafla likakata kona, likaingia barabara ya viwandani.

Hakuna dereva mwenye akili timamu anayekwenda bondeni kwa njia ile. Sindano alipofika kwenye kona, tipa la mchanga lilikuwa linarudi nyuma, limeziba barabara nzima. Akapiga honi. Akamtukana dereva kimoyomoyo, halafu akamtukana kwa sauti. Njia ilipofunguka, Isuzu ilikuwa imeyeyuka.

Siku hizi ndivyo ilivyokuwa. Kila akitaja njia redioni, njia inabadilika. Kila Idara yao ya upelelezi ikivamia ghala la dawa za wizi, inakuta makopo ya vitamini na watu waliokwisha kunywa chai, wametulia, wanasubiri kuvamiwa.

Ukimtoa yeye, waliosikia redio ile walikuwa wawili tu. Mmoja ni Mjomba, mkuu wa kikosi, aliyemfundisha kazi tangu siku ya kwanza. Wa pili ni Fundi Mitambo, mtu wa mawasiliano, mwenye tabia ya kukata simu kila mtu anapoingia chumbani kwake.

Mjomba ni Mjomba. Basi ni yule mwingine. Sindano hakuwahi kumpenda.

Akazima redio.

Hapohapo simu yake ikatetemeka mfukoni. Mama yake.

"Mwanangu, uko kazini?"

"Niko, mama. Mdogo wangu anaendeleaje?"

"Homa haishuki. Kidonda cha upasuaji wa uzazi kinanuka. Daktari anasema dawa zote walizomchoma ni kama maji. Imebaki ya mwisho, na stoo ya hospitali haina hata kichupa. Eti imeibiwa! Dawa ya wagonjwa, mwanangu, nani anaiba?"

"Na mtoto?"

"Mtoto mzima. Analia, anamtaka mama yake."

"Waambie wanisubiri. Wote wawili."

Nani anaiba, Sindano hakujua bado. Ilikokwenda alikujua. Ilikwenda kwenye matumbo ya kuku.

Kwa miaka mingi baadhi ya wafugaji wakubwa wa bondeni walikuwa wakiwanywesha kuku dawa ya kuua vijidudu kama watu wanavyotia sukari kwenye chai, wagonjwa na wazima, ili tu wanenepe upesi. Vijidudu vikaizoea dawa ya kwanza, vikaizoea ya pili, vikatoka mabandani vikaingia kwenye maji, nyama na mikono ya watu. Sasa kuku walikufa huku wamejaa dawa, na wenye mabanda wakawa wanaitafuta ile moja ambayo vijidudu havijaijua. Ile iliyokuwa imefungiwa hospitali. Na hiyo nayo wakiizoeza, mdogo wake hatakuwa na pa kukimbilia.

Jana yake, Sindano alikuwa ameingia kwenye ghala la mjini la wauzaji wa dawa hiyo akiwa na koti jeupe la mchanjaji kuku na sanduku la barafu. Huko aliliona kopo kubwa lililoandikwa "Vitamini", limejazwa unga kutoka kwenye vichupa vya hospitali. Lilikuwa la kumpelekea mnunuzi aujaribu kwanza. Katoni zingefuata leo. Na aliona jambo jingine: kila aliyelishika kopo alilowesha kidole, akachovya, akalamba. Biashara ile imejaa matapeli wanaouza unga wa mahindi, kwa hiyo wenyewe hawaamini lebo, wanaamini ulimi. Ukiwa mchungu, ndiyo dawa.

Walipompa kisogo, alimimina kifuko ndani ya kopo na kukoroga.

Ilikuwa rangi tu, ile ambayo wachanjaji hutia kwenye maji ya chanjo ili wajue kuku yupi amekunywa na yupi bado. Ikiwa kavu haionekani. Ikilowa, inaacha ulimi wa bluu. Hakumwambia mtu, maana ripoti zote zilipita mezani kwa Fundi Mitambo.

Akavaa tena koti la mchanjaji, akawasha Yamaha, akashuka bondeni.

Shamba la kwanza, alifunua midomo ya vifaranga hadi vidole vikamuuma. Ndimi za waridi. Shamba la pili lilikuwa la mama mmoja mnene mwenye gambuti, aliyemlazimisha kukanyaga beseni la dawa ya kusafisha viatu mlangoni kabla ya kusema hata habari yako.

"Unachungulia nini kuku wangu kama daktari wa meno?" mama akauliza.

"Naangalia kama wanapewa dawa, mama."

"Dawa ya nini? Wamechanjwa, maranda makavu, hewa inapita. Kuku akiugua nampa dawa, asipougua namwacha ale." Akanyoosha kidole ng'ambo ya mto. "Nenda kwenye lile geti jekundu. Wale ndio kuku wao wanakunywa dawa kuliko bibi yangu mimi."

Geti jekundu lilikuwa na kamera mbili. Shamba gani la kuku lina kamera mbili?

Meneja alitoka akiwa na saa ya Casio ya rangi ya dhahabu na uso wa mtu aliyekatizwa usingizi.

"Hatujaita mchanjaji."

"Ni zoezi la bure, bosi. Ugonjwa umeingia bonde zima. Ukikataa, naandika umekataa."

Meneja akatazama nyuma yake, kisha akamtazama tena. "Fanya haraka. Nina wageni."

Beseni la mlangoni lilikuwa kavu, limejaa majani. Ndani, harufu ilimchoma Sindano macho. Maranda yalikuwa mabichi, yameganda kama matope, na vifaranga vimesinzia juu yake. Maji yalipita ndani ya mabomba yaliyofungwa, hayaonekani. Akaokota kifaranga kimoja, akakifunua mdomo.

Bluu.

Akaokota kingine. Bluu.

"Wanakunywa nini hawa?"

"Maji," Meneja alisema. "Na vitamini kidogo."

"Wamependeza. Ngoja nikachukue sindano kwenye pikipiki."

Hakwenda kwenye pikipiki. Alizunguka nyuma ya banda, akaikuta Isuzu imefunikwa turubai, akapenya kwenye stoo na kujibanza nyuma ya magunia ya chakula. Katoni za hospitali zilikuwa zimepangwa ukutani, lakiri zake hazijaguswa. Kopo lilikuwa juu ya meza.

Hazikupita dakika nyingi, mlango ukafunguliwa. Aliingia Meneja, akaingia dereva wa lori, kisha mtu wa tatu, amevaa kofia, amegeuka ukutani. Mafeni ya banda yaliunguruma. Sindano aliyasikia maneno, sauti hakuitambua.

"Mzigo wote huu hapa, bosi," Meneja alisema. "Mimi nimeridhika."

"Mimi bado. Watu wa ghala wasije wakanichezea, dawa wakauza wao, mimi nikabaki na unga." Mtu wa kofia akachovya kidole kwenye kopo, akalamba. Akajifuta suruali. "Chungu. Ndiyo yenyewe."

"Kuna mchanjaji mmoja kaja, mwanamke. Namtoa sasa hivi."

Mtu wa kofia akainua kichwa.

"Mwanamke gani? Ana pikipiki?"

"Anayo. Yamaha."

"Mtafuteni. Asitoke humu." Mtu wa kofia akapita mlango wa nyuma mbio, na gari likaunguruma.

Ananijua, Sindano aliwaza.

Dereva alitoa bastola, akaanza kuchungulia magunia moja moja. Alipofika kwenye la mwisho, mkono ulichomoka chini na bomba la chanjo, lililokuwa mfukoni mwa koti muda wote, likazama kwenye paja lake. Akapiga ukelele, bastola ikaanguka, goti la Sindano likamalizia.

"Chanjo ya kuku hiyo," alimwambia. "Hufi, ila unaweza ukawika."

Meneja alikuwa amefika mlangoni alipousikia mlio wa Glock ya Sindano ikikokiwa. Alisimama mwenyewe, akanyoosha mikono mwenyewe. Sindano aliwafunga wote wawili kwa kamba za plastiki, akampigia sajini wa kituo cha polisi cha bondeni kwa simu yake binafsi. Redio aliiacha imezimwa.

Wa kwanza kufika hakuwa sajini.

Land Cruiser nyeusi ilisimama uani, Mjomba akashuka. Sindano alishusha pumzi. Kisha akajiuliza Mjomba alipajuaje.

Mjomba alimshika bega. Alisema polepole, midomo haikufunguka sana. "Redio umezima, nimekutafuta kila geti. Ni Fundi Mitambo, nimemgundua leo. Kazi nzuri, mwanangu. Niachie mimi huu mzigo. Wewe nenda kwa mdogo wako."

Alitamani kuamini. Mungu anajua alivyotamani. Yule ndiye aliyemfundisha kulenga, kuvumilia, kutomwamini mtu.

"Mjomba, umekula nini leo?"

"Mimi? Sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi!" Na akacheka, ulimi ukaonekana: bluu.

Kidole alikuwa amekifuta. Ulimi hakuna anayeukumbuka.

Glock ilikuwa imeinuka kabla mkono wa Mjomba haujafika kiunoni. Sindano akamwonyesha kioo cha pembeni cha Isuzu. "Jiangalie."

Mjomba alijiangalia. Mabega yakamshuka.

"Ni dawa ya kuku tu, mwanangu."

"Juzi ulikwenda wodini ukamshika mdogo wangu mkono," Sindano alisema. "Umekaa kitandani kwake. Umembeba mtoto wake. Ulikuwa unajua dawa iko wapi."

Mjomba akainua mikono. Sajini alipofika na vijana wake, alimkuta amepiga magoti, mikono kisogoni.

"Fungeni lile tangi la maji," Sindano alimwambia sajini. "Katoni zote zirudi hospitali na askari juu yake. Hii moja natangulia nayo. Na hawa kuku muwaitie mama wa ng'ambo ya mto, awaonyeshe watu maranda makavu yanafananaje."

Akafunga katoni nyuma ya Yamaha. Akawasha redio.

"Fundi Mitambo."

"Nakusikia, Sindano. Umepotea hewani."

"Nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Basi tu. Nitakununulia chai."

Alivaa helmeti, akapita mbele ya Mjomba bila kumtazama, akatoka kwenye geti jekundu. Barabarani alipiga simu.

"Mama? Mwambie daktari asiondoke."

Akakaza mwendo.