Miguu ya Kidoti Haifiki Kwenye Pedali

"Haitoki baiskeli hapa! Nasema haitoki!"

"Nipishe, jirani. Baiskeli yangu, mtoto wangu."

"Mtoto wako, lakini kilio kitakuwa cha mtaa mzima!"

Madirisha yalishafunguka. Nani alale wakati majirani wanagombana? Aliyeziba njia alikuwa fundi baiskeli, mwanamke asiyeishiwa grisi mikononi. Mtaani alijulikana kama Mama Spoku. Aliyezibiwa njia alikuwa fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa juu ya baiskeli ndefu ya viti viwili. Mbele amekaa yeye, nyuma binti yake wa miaka mitano, Kidoti. Miguu ya Kidoti ilining'inia. Haikufika kwenye pedali. Mkanda mpana ulikifunga kiuno chake pamoja na cha baba yake.

"Na huo mkanda wa nini, shemeji?"

"Asianguke. Nimeupiga mishono mitatu. Hata ng'ombe haukati."

"Na ukianguka wewe? Si mtakwenda chini pamoja kama mzigo wa kuni?"

Fundi cherehani alikuwa na haraka. Bibi, aliyekuwa akimpeleka Kidoti chekechea, alikuwa anaumwa goti. Mkewe alikwenda kazini alfajiri. Lango la chekechea hufungwa saa moja na nusu, na wiki ile walishachelewa mara mbili. Mwalimu alisema wazi: wakiendelea hivyo, nafasi ya Kidoti atapewa mtoto mwingine.

Akapinda usukani, akampita Mama Spoku, akakanyaga.

Hakufika mbali. Nyuma yake kitu kilisema *krak!* Kisha: "Babaaa!"

Alipiga breki. Hakuthubutu kugeuka.

"Usikanyage! Usirudi nyuma! Tulia hivyohivyo!" Mama Spoku alishafika, amelishika gurudumu kwa mikono miwili. Wakahangaika na mkanda. Mkanda haukutaka kufunguka. Mishono mitatu si mchezo. Mwishowe ulikatwa kwa kisu. Kidoti akainuliwa. Kiatu chake kilibaki kwenye spoku za gurudumu, kimesokotwa kama kitambaa cha deki.

Watu wote waliutazama mguu. Vidole vitano vilikuwepo, vinachezacheza.

"Unaumia, mwanangu?"

"Siumii. Kiatu ndicho kimeumia."

Mtu mmoja dirishani akacheka. Baba mtu hakucheka. Alikaa chini palepale.

"Shemeji," alisema polepole, "nifundishe."

Siku hiyo, Ijumaa, walikwenda kwa miguu. Walichelewa tena. "Jumatatu ndiyo nafasi ya mwisho," mwalimu akasema.

Jioni Mama Spoku aliipindua baiskeli, magurudumu juu.

"Zungusha pedali ya mbele. Unaona nini?"

"Na ya nyuma inazunguka."

"Cheni imeziunganisha. Ukikanyaga wewe, za mtoto zinazunguka, atake asitake. Mguu usiofika hupigwa na pedali, au huingia kwenye spoku."

Alifunga pedali nyingine ndogo, juu zaidi, karibu na kiti cha Kidoti. Akaziunganisha na zile za chini kwa cheni fupi. Spoku akazikinga kwa wavu.

"Na mimi nishone nini?" fundi cherehani aliuliza. Mikono ilimwasha.

"Vikuku vya miguu, vya kwenye pedali. Viwe vilegevu, akivuta mguu utoke. Mkanda wa kiunoni tupa. Na kanunue kofia ngumu, yako na yake. Usicheke, na wewe una kichwa."

"Angekuwa mdogo zaidi je?"

"Asiyeweza kukanyaga hapandi hapa. Huyo anataka kiti cha mtoto chenye mikanda yake."

Jumamosi na Jumapili walijifunza uwanjani, mahali pasipo na magari. Baba alisimama kwanza, miguu yote chini, breki zote amezibana. Ndipo Kidoti akapanda. Kushuka, Kidoti alitangulia. Na kila jambo lilisemwa kabla ya kufanywa.

"Tayari?" baba aliita.

Kidoti alikuwa anatazama kunguru.

"Usiende!" Mama Spoku akafoka. "Hajajibu! Asipojibu, husogei!"

Jumatatu ikafika. Kwenye mteremko lori lilikuja nyuma yao, likapiga honi. Baba akapaza sauti.

"Breki!"

"Breki, baba!"

Miguu ya Kidoti ikatulia, mikono ikashika usukani wake mdogo. Wakapunguza mwendo pembeni kabisa. Lori likapita, likawaachia vumbi.

Langoni, mlinzi alishashika komeo. Baba akaweka miguu chini, akabana breki.

"Shuka sasa."

Kidoti alishuka, akakimbia. Lango likafungwa nyuma yake. Alikuwa ndani.

Jioni Mama Spoku alibisha hodi. Mke wa fundi akafungua.

"Nimekuja kuangalia kama cheni imelegea."

"Cheni haijalegea, dada. Labda wewe, kwa njaa. Siku nne unahangaika na sisi."

"Aa, nina grisi mpaka viwikoni."

"Kwani maji tumenyimwa? Nawa uingie. Sahani yako imeshapakuliwa, na Kidoti amekataa kuanza mpaka mama yake mkubwa aketi."