Picha Iliyobaki kwa Omosa

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, wanasema. Waongo. Cheptoo aliyafunga kifuani miezi minne, mbele ya wanafunzi kumi na wanane, na hakuna aliyemsikia hata akisafisha koo.

Yalianza siku ya soko pale Roret. Alikuwa amesimama kati ya mama wa viazi na muuza gambuti, sweta nyeupe juu ya sketi ndefu ya buluu, akisajili vijana waliotaka kujifunza kutengeneza tovuti. Kijana mmoja akasimama mbele ya meza yake, aproni ya plastiki ya wachuma chai bado kiunoni, kofia mkononi kama mtu anayeingia kanisani.

"Chamgei," akasalimu kwa Kikalenjin, lakini kwa lafudhi ya Kisii isiyojificha.

"Chamgei mising. Nani alikufunza?"

"Majirani. Nimezaliwa hapa kwenye kambi ya shamba, jina ni Omosa. Sasa mashine ndizo zinachuma chai, sisi tumeambiwa tupumzike. Hiyo kazi yako inataka mtu amesoma sana?"

"Inataka mtu mvumilivu. HTML ni mifupa ya ukurasa. CSS ni nguo zake."

"Basi mimi ni HTML tupu. Hata hii shati ni ya ndugu yangu."

Cheptoo alicheka hadi kalamu ikamponyoka.

Mwezi wa pili wa mafunzo, simu zikawa za kila jioni.

"Mwalimu, umekula?"

"Usiniite mwalimu kwa simu."

"Nikuite nani?"

"Fikiria."

"Kipenzi cha Roret nzima."

"Roret nzima wako na wake zao. Sema wewe peke yako."

"Haya, Too. Mimi peke yangu."

Kisha mtihani ukakaribia. Ofisi moja ya Kericho mjini, inayotengeneza tovuti za vikundi vya wakulima, ilikuwa na nafasi moja kwa mwanafunzi atakayeongoza darasa.

"Nikiipata, Jumapili inayofuata nakupeleka kwa mama," Omosa alimwambia. "Siwezi kumpelekea mchumba na mimi mwenyewe sina kazi."

Cheptoo aliandika sheria za mtihani ubaoni kwa mkono wake: hakuna kuuliza, hakuna kujibu, na kila kazi itasahihishwa kwenye laptopu ya mwalimu kama itakavyofunguka. Hakuna aliyemlazimisha.

Asubuhi ya mtihani mvua ilipiga mabati ya darasa. Maswali ya kuandika Omosa aliyameza kama ugali wa moto: tagi, yaani alama, ya kuunganisha kurasa, tagi ya kichwa, namna ya kubadilisha rangi ya maandishi. Kisha wakaambiwa watengeneze ukurasa mmoja wenye kichwa, aya na picha. Cheptoo alizunguka polepole, mikono nyuma. Alipofika kwa Omosa, akasimama.

Ukurasa ulikuwa mzuri, kijani cha majani ya chai baada ya mvua, na katikati picha ya mama yake, kikapu mgongoni, akicheka na mtu asiyeonekana. Lakini pale Omosa alipoielekeza kompyuta mahali pa kuitafuta picha, alikuwa ameandika anwani ndefu ya folda iliyo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, badala ya jina la picha peke yake. Kwake picha ingeonekana. Kwenye laptopu ya mwalimu isingeonekana kamwe. Ni kama kumwelekeza mgeni aliye Bomet kwa kumwambia apinde kushoto hapo mlangoni kwenu.

Cheptoo akausoma mstari ule mara mbili. Angeweza kukohoa. Angeweza kugusa skrini kwa kidole, mara moja tu. Nyuma ya Omosa aliketi Mongina, aliyemwacha mtoto wa miezi minne kwa jirani ili afanye mtihani huu, akisoma mistari yake herufi kwa herufi. Ukurasa wake ulikuwa sawa.

Omosa akainua macho, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kufika Kericho. Cheptoo akaenda dirishani. Akatazama mashamba ya chai, akaomba Mungu amfungue Omosa macho, mpaka muda ukaisha. Mungu naye alikuwa amesoma sheria ubaoni.

Kwenye laptopu ya mwalimu, mahali pa mama palitokea kisanduku kitupu. Mongina akampita Omosa kwa alama tatu, na nafasi ya Kericho ikawa yake.

"Picha iko," Omosa alisema wenzake walipokwisha toka. "Njoo uone, kwangu iko." Kisha akakumbuka. "Ulisimama nyuma yangu. Uliona?"

Uongo ungekuwa rahisi.

"Niliona."

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

Akafunga begi, akatoka.

Siku kumi na moja Omosa hakupokea simu za Cheptoo. Cheptoo alipika chai ikachemka ikamwagika. Alifundisha darasa jipya huku akitazama kiti alichokalia Omosa. Siku ya kumi na mbili Omosa akapiga mwenyewe, wakakutana kwenye hoteli ya mabati kando ya soko. Alivaa shati jipya, lake mwenyewe.

"Nimelielewa kosa," alisema. "Nitarudia mtihani Aprili. Mama anauliza yule mwalimu yuko wapi. Nataka kukuoa, Too. Lakini kuna mwiba hapa kifuani. Sema pole mara moja, niuchomoe."

Cheptoo alizungusha kikombe. Machozi yalikuwa karibu, hakuyaficha.

"Baba yangu hupima majani pale kituo cha kununulia chai. Mama akileta majani magumu, yale yaliyokomaa yasiyonunuliwa, baba humrudishia kikapu mbele ya watu wote, kama cha mtu mwingine yeyote."

"Na mama yako?"

"Humnunia mpaka ugali uive."

"Baba humwomba msamaha?"

"Hajawahi. Na hakuna mtu katika kijiji chote anayeogopa kudhulumiwa kwenye mizani yake."

Omosa akasukuma kikombe chake kando. "Sasa mimi ni kikapu cha majani magumu?"

"Wewe ni mtu ninayempenda, na siku hizi kumi na mbili sijalala. Jumapili nitakuja kwa mama yako, nimweleze mimi mwenyewe kwa nini hukuipata ile kazi. Akinifukuza, nitarudi Jumapili nyingine."

"Hata pole moja, Too? Ndogo tu?"

"Hata ndogo. Ningerudi chumba kile leo, ningenyamaza tena. Siombi msamaha, Omosa."