Padre Hakunywa

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Maite Uriarte alimpelekea farasi wake majani makavu na kumsimulia ndoto zake. Hakuwa na mwingine wa kumsimulia. Mama alikuwa zamu hospitalini, Baba alishatoka kwenda kwenye kondoo, na jirani wa karibu aliishi umbali wa maili kumi na moja, tena hakupenda ndoto. Dada yake, Nerea, alipokwenda chuo kikuu mjini Reno, aliacha vitu viwili nyumbani: picha za wanamuziki ukutani, na farasi huyo, Padre. Picha hazikumsumbua mtu.

Padre alipata jina hilo kwa sababu ya doa jeupe shingoni, mfano wa kola ya kasisi. Kwa tabia, hata kengele ya kanisani usingemkabidhi. Aliogopa mifuko ya plastiki, makopo, na kivuli chake mwenyewe. Zaidi ya yote aliogopa kuachwa. Farasi mwingine akiondoka mbele ya macho yake, alilia mpaka vilima vya Nevada vikaitika. Maite hakuweza kumlaumu. Yeye mwenyewe, siku gari la Nerea lilipotokomea, alikuwa amesimama barabarani mpaka vumbi likatua, ila tu hakulia kwa sauti.

Baba hakuwa na huruma hiyo. Alikwisha kuangushwa na Padre mara mbili, mojawapo mbele ya wageni, na jioni moja mezani akatoa hukumu. Mwezi wa tano kulikuwa na mashindano ya safari ndefu ya farasi, maili ishirini na tano za jangwa. Padre akiyamaliza, atabaki. Asipoyamaliza, atapelekwa mnadani. Baada ya kusema hayo, Baba aliomba apewe chumvi.

Katika mashindano hayo mtoto haruhusiwi kwenda bila mtu mzima kando yake. Aliyekubali ni Bi Lurline Tackett, mama mstaafu aliyeendesha basi la shule miaka thelathini, na ambaye farasi wake, Opal, alikuwa na utulivu wa kabati. Majira yote ya baridi walifanya mazoezi Jumamosi. Siku nyingine sita Maite alifanya peke yake, yeye na Padre na upepo.

Siku ilipofika, waliondoka saa moja asubuhi. Maili nne za kwanza Padre alizikwenda ubavu ubavu kama kaa, akiwakodolea macho farasi wote waliompita. Bi Lurline alimwambia Maite kwamba mnyama wake alikuwa anatalii, si kusafiri. Walipofika kituo cha katikati, saa ilikuwa tatu na nusu, na walitakiwa kumaliza kabla ya saa saba.

Kituoni farasi hupumzishwa nusu saa na kukaguliwa na daktari wa mifugo, kisha hupewa alama kama wanafunzi, isipokuwa wao hawana njia ya kuficha ripoti. Lakini kwanza lazima wanywe maji. Maite alimpeleka Padre kwenye hori. Akainamisha kichwa, kundi la farasi likaondoka, akainua kichwa na kulia. Akainamisha tena, kundi jingine likaondoka. Hakunywa hata tone. Maite alijua kwamba farasi asiyekunywa huzuiliwa, na akizuiliwa muda utakwisha, na muda ukiisha kuna mnada.

Bi Lurline alikuwa amekwenda kuchukua majani. Maite alichovya sponji, akampangusa Padre mdomo na kidevu mpaka maji yakadondoka.

Dakta Ostby, mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani, alisikiliza moyo, akafinya ngozi, akabonyeza ufizi.

"Kinywa kikavu kidogo. Amekunywa?"

"Amekunywa, Dakta."

"Vya kutosha?"

"Sana tu."

Dakta alikitazama kidevu kinachodondosha maji, akaandika alama kwenye kadi, akamwita anayefuata. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Nusu saa ilipokwisha, Bi Lurline alipanda. "Haya mama, twende kabla Opal, huyu bibi kizee wangu, hajasinzia."

Maite aliweka mguu kwenye kikanyagio. Padre akageuza shingo, akaanza kulamba mkono wa shati lake uliolowa maji ya sponji. Alilamba polepole, akarudia, mpaka kitambaa kikakauka. Maite alishusha mguu. Alimwambia Bi Lurline asubiri, akamvuta Padre mpaka kwa daktari.

"Dakta, nimekudanganya. Hajanywa. Nilimlowesha mdomo."

Dakta alichukua kadi, akafuta alichoandika, akasema Padre hatatoka pale mpaka anywe. Bi Lurline alishuka bila neno kali. Alisema tu kwamba kwa miaka thelathini amewasubiri watoto wanaotafuta kiatu kimoja, na hori la maji halimtishi.

Wapandaji wa mwisho waliondoka. Padre aliwalilia mpaka wakawa vumbi, kisha akalilia vumbi. Kisha hapakuwa na kitu cha kulilia. Watu wa kituo walikunja meza. Opal alikuwa amesinzia kweli. Maite alisimama karibu na hori, kamba mkononi, akiwa na uhakika kwamba hakuna mtu duniani aliyebaki nyuma kama wao wawili. Hakumbembeleza.

Padre alitazama huku, akatazama kule. Hakukuwa na wa kumsindikiza. Akashusha kichwa na kunywa, mafunda marefu, masikio yakicheza kila alipomeza.

Waliruhusiwa saa nne na dakika hamsini. Njia ilikuwa tupu, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumkimbilia, Padre alikwenda mchakamchaka, kichwa chini, moja kwa moja. Walifika wa mwisho, saa saba kasoro dakika tisa. Baba alikuwa amesimama peke yake kando ya gari.

Dakta Ostby, aliyekuwa ametangulia kwa gari, alimkagua Padre, akasema yuko salama na amemaliza. Baba akamwangalia binti yake kwa mshangao.

"Baba, nilidanganya kule kituoni," Maite alisema. "Nilisema amekunywa."

Baba alimgeukia daktari. Dakta Ostby alivua kofia.

"Mimi sikujua. Nilimwamini, na ningemwacha farasi mwenye kiu aingie juani. Maite, farasi hawezi kuniambia ana kiu. Mdomo wake wa kusemea ni wako. Ukidanganya, yeye ndiye unayemnyamazisha. Leo umechelewa kumsemea, lakini umemsemea, na ndiyo maana amefika kwa miguu yake."

Baba alifungua mlango wa nyuma wa gari.

"Umesikia," alimwambia Maite. "Mpandishe garini. Tunarudi naye nyumbani."