Kichwa Kitakatwa Stesheni Ijayo

Kila asubuhi, mwanga ulipoingia ndani ya treni, binti alifuta kioo cha dirisha kwa ncha ya mtandio wake, akaanza kazi yake ya kuona kwa niaba ya Bibi. Macho ya Bibi yalikuwa yameingiwa na ukungu, na daktari alikwisha sema kwamba ukungu huo ungekuwa giza kabla ya mwaka kwisha. Ndipo Bibi alipoazimia kuitembelea nchi ile kubwa aliyosikia sifa zake tangu utotoni, na hasa maporomoko yake ya maji. Akamchukua mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, akampa na jina la safari: Macho Yangu.

"Haya, Macho Yangu, dunia imeamkaje?"

"Msitu, Bibi. Miti imebanana bega kwa bega. Sasa mto, maji yake mekundu kwa udongo. Na korongo yupo, kasimama kwa mguu mmoja kama mwanafunzi aliyeadhibiwa."

Bibi alicheka. Hivyo ndivyo walivyouona mji mkuu wenye maghorofa ya vioo, na jumba la makumbusho ambamo mlinzi, kwa huruma, alimruhusu Bibi apapase vinyago kwa vidole. Yalibaki maporomoko tu. Treni ingeyapita alasiri, baada ya kuukwea mlima.

Mhudumu wa behewa lao alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye abiria walimwita Filimbi kwa sababu ya filimbi iliyoning'inia shingoni mwake. Tangu jana binti hakumwamini. Kwa nini alimwuliza Bibi umri wake? Kwa nini aliwahamisha, akawaketisha upande wa kulia, nyuma kabisa? Na yale madoa mekundu katika glavu zake yalitoka wapi? Mwenye shaka hata kivuli chake hukidhania mwizi.

Asubuhi hiyo binti alikwenda kuchota maji ya chai mwisho wa behewa. Nyuma ya mlango uliofungwa nusu, akamsikia Filimbi akizungumza na fundi.

"Mzee amechoka," alisema Filimbi. "Mlima hauwezi."

"Basi kichwa tukikate stesheni ijayo. Nyundo ninayo."

"Abiria wasijue mapema. Wataanza kelele, tuchelewe."

"Masikini, mzee wa watu! Katumika miaka mingi."

"Ndiyo dunia, ndugu yangu. Aliyechoka hukatwa, akawekwa kijana."

Binti alisahau maji ya chai. Behewa zima halikuwa na mzee ila Bibi! Alirudi na birika tupu. Aliogopa kusema kweli, moyo wa Bibi usije ukashtuka. Akachagua uongo, akidhani ni dawa.

"Bibi! Maporomoko hayo! Yanashuka kama pazia jeupe! Yanapita... Yamekwisha, Bibi. Tumeshayaona. Sasa tushuke stesheni hii, turudi nyumbani."

Bibi alitega sikio dirishani. "Ni marefu?"

"Marefu, Bibi."

"Na maji ni mengi?"

"Mengi mno!"

"Mengi mno, na yamepita kwa adabu hivyo, bila hata kubisha hodi?" Bibi aligusa sikio lake. "Macho yamefifia, mjukuu wangu, lakini masikio bado yamo kazini. Nani kakutuma uniibie maporomoko yangu?"

Binti akaangua kilio, akamweleza yote. Treni ilikuwa imeanza kupunguza mwendo.

"Na wewe umemwuliza?"

"Muuaji huulizwa, Bibi?"

"Mtu huulizwa. Akijibu ndipo tutakapojua ni mtu wa namna gani." Bibi akapaza sauti: "Filimbi, mwanangu! Hebu njoo. Nasikia leo mnanikata kichwa. Nilitaka kujua tu, ni kabla ya chai au baada ya chai?"

Filimbi alikuja mbio. Alipoelezwa, alicheka mpaka filimbi ikarukaruka kifuani. Treni iliposimama, alimteremsha binti, akamwongoza hadi mbele. Hapo fundi alikuwa akigonga vyuma kwa nyundo, na injini kuukuu, nyeusi kwa moshi, ikaachana na mabehewa, ikaondoka peke yake taratibu. Injini nyingine mpya ilikuwa ikirudi nyuma kushika mahali pake.

"Kile ndicho kichwa," alisema Filimbi. "Kichwa cha treni. Sisi wa reli tunakiita Mzee, maana kilianza kuvuta kabla sijazaliwa."

"Na glavu?"

"Rangi ya milango. Tuliipaka kabla ya safari."

"Na viti je?"

"Maporomoko yatakuwa upande wa kulia. Viti vile ni vya wazee, ndiyo maana nikauliza umri."

Binti aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mjomba. Nilikudhania vibaya."

"Nimekusamehe. Lakini aliyekaribia kupata hasara ni bibi yako. Kamwombe yeye."

Alasiri, treni ikiwa juu mlimani, ulisikika mngurumo wa mbali. Binti alikwisha omba radhi, na Bibi alikuwa amemshika mkono.

"Macho Yangu," alisema Bibi, "ulichokisikia kilikuwa kweli, kila neno. Uongo ni kile ulichokiongeza wewe. Shaka ikikujia, iulize mchana kweupe. Usiilishe kimya kimya mpaka iwe kubwa kuliko wewe. Na hata ukiogopa, usinidanganye. Siku nitakapokuwa sioni kabisa, dunia yangu yote itakuwa ni neno lako."

Mngurumo uliongezeka hadi vioo vikatikisika.

"Haya, niambie. Unaona nini?"

Binti alikifuta kioo, akatazama kwa makini. Asubuhi ile angesema lolote ili kumfurahisha.

"Bado sijaona kitu, Bibi. Ni ukungu mtupu."

"Ahsante," alisema Bibi, akatabasamu. "Basi tungoje."

Treni ikakunja kona, na ukungu ukapasuka.

"Sasa, Bibi!"