Vazi Lililopewa Macho

Siku tano kabla ya gwaride la Halowini, Rochelle Bickford alishuka asubuhi kwenye chumba cha chini cha nyumba yake akakuta vazi limegeuka. Jana yake alilitundika mwenyewe likitazama ukuta, ili gundi ya mgongoni ikauke vizuri. Sasa lilikuwa linatazama ngazi. Rochelle akamlaumu mumewe. Alikuwa mtu wa kulaumu kwanza na kufikiri baadaye, na hiyo ya pili mara nyingi hakuifikia.

Pale Kressley, mji wetu mdogo wa Pennsylvania, gwaride la watoto huishia kituo cha zimamoto, na hapo hufanyika shindano la mavazi ya kujitengenezea. Masharti ni mawili tu: vazi lisinunuliwe dukani, na lisiwe la kuiga. Rochelle alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo. Ungemkuta dukani, kitoroli chake kimeziba njia, akiwahutubia watu juu ya ubunifu utadhani yeye ndiye aliyeuzaa akaunyonyesha. Ushindi wa kwanza aliupata kwa vazi la mashine ya kahawa, alilolinakili kutoka jarida la kwa daktari wa meno. Wa pili na wa tatu alimwibia mawazo binamu yake. Sote tulijua. Tulinyamaza, maana nani anataka ugomvi kwa ajili ya kipande cha karatasi chenye picha ya boga.

Mwaka huu kichwa chake kilikuwa kitupu kuliko kawaida, jambo ambalo sikudhani linawezekana. Ndipo alipofungua begi la shule la binti yake Maisie, mwenye miaka saba, akaona mchoro. Lilikuwa jitu refu la magunia na majani makavu ya mahindi, mikono imefika chini, kichwa kikubwa, na mahali pa uso hapana kitu.

“Mama, hilo usilitengeneze,” Maisie alimwambia alipomwona anapima magunia.

“Kwa nini, mwanangu? Zuri sana. Umelitoa wapi?”

“Sijalitoa popote. Huwa linasimama nyuma ya mlango wangu.”

“Haya. Mbona hukulichorea macho?”

“Halina. Ndiyo maana halijanipata. Linapapasa tu.”

Mama mwingine angeweka mkasi chini. Rochelle aliukaza mkononi.

“Basi mama atalitia macho, lipendeze. Waamuzi hawatoi alama kwa uso mtupu.”

Macho aliyapata gerejini. Ukutani kilining'inia kichwa kilichokaushwa cha kulungu aliyepigwa risasi na Duane, mumewe, enzi za ujana, chenye macho mawili ya kioo. Akayang'oa kwa kijiko.

“Rochelle, yule kulungu nilimpiga siku ya mwisho niliyokwenda kuwinda na baba,” Duane alisema.

“Baba yako hayupo na kulungu haoni. Macho ya nini kwao?”

Duane akakipangusa vumbi kile kichwa. Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili baada ya kiwandani, na aliifanya kwa bidii zaidi.

Tangu kiangazi Rochelle alikuwa akisikia mchana ghorofani mapigo mepesi ukutani, kama kiganja cha mtu anayetafuta swichi ya taa, akadhani ni mabomba. Siku macho yaliposhonwa, mapigo yalikoma. Yeye akashukuru. Maisie aliacha kula.

Jumatano, jioni ya mapema, jua bado liko dirishani, walikuwa watatu mezani na sahani za soseji na kabichi ya kuchachushwa. Ghafla wakasikia hatua juu ya dari, hatua nzito zenye mchakacho wa majani makavu, zikitoka chumbani kwa Maisie, zikifuata ukumbi bila kupapasa popote wala kugonga chochote, zikikikwepa hata kile kiti kibovu ambacho wenyeji wenyewe walikuwa wakijikwaa nacho kila siku, zikaja mpaka juu ya ngazi na kusimama pale, na harufu ya matufaha yaliyooza ikateremka polepole mpaka ikawafikia mezani, wala hakuna aliyethubutu kugeuza shingo.

“Sasa linaona,” Maisie alisema kwa sauti ya chini.

Duane alimwinamia mkewe. “Nimwite Mzee Lutz.”

Elwood Lutz alikuwa fundi wa mashine za kukatia nyasi. Pia ndiye mtu ambaye bonde letu humwita dawa za hospitali zikigonga mwamba, naye huja na sala za Kijerumani cha mababu na uzi mwekundu. Watu humcheka hadharani na kumfuata kwa mlango wa nyuma.

“Fundi wa mashine za nyasi aje aniharibie vazi kabla ya Jumamosi?” Rochelle alinong'ona. Alikuwa ameogopa, lakini hakulegea. “Thubutu.”

“Tulichome tu, mke wangu. Nakuomba.”

“Liguse uone, Duane. Utalala gerejini na kulungu wako.”

Jumamosi mchana Maisie alilia mpaka akapaliwa. Rochelle akamsukuma ndani ya lile vazi vivyo hivyo, akafunga mikanda, akamwambia ni dakika ishirini tu. Kichwa cha jitu kilikuwa juu kabisa, kimebebwa na fremu ya mbao. Mtoto alichungulia kupitia wavu uliokuwa kifuani. Gwaride likapita Barabara Kuu kwa matarumbeta, nasi tukasimama kando na vikombe vyetu vya maji ya tufaha ya moto, tukiwapungia maboga, mizimu ya shuka na roboti za maboksi. Lile lilipopita, mbwa wote walinyamaza. Hatukujiuliza. Tulikuwa tunahesabu nani atashinda.

Duane, kwa mara ya kwanza katika ndoa yake, alikuwa ametoroka kwenda kumleta Mzee Lutz.

Kituoni mwamuzi alimsogezea Rochelle maiki. “Mama Bickford, hili halijapata kuonekana. Wazo la nani?”

“Langu,” alisema Rochelle. “Peke yangu, kutoka kichwani mwangu.”

Kichwa cha lile vazi kikageuka taratibu, kikamtazama.

Tukapiga makofi. Tulidhani ni ufundi wa kamba. Jirani yake Connie Trask, ambaye mwanawe alivaa roboti ya boksi, alisonya akasema, “Shoga, mwaka huu umemwibia nani?” Kisha sauti ya Maisie ikatoka chini ya magunia.

“Mama, si mimi niliyekigeuza.”

Mtoto akafungua mikanda, akatambaa akatoka. Vazi likabaki limesimama. Makofi yakazidi, na mpaka leo nikiyakumbuka mikono yangu inaniudhi. Mwamuzi akamkabidhi Rochelle cheti, naye akakipokea akitabasamu huku jasho likimtiririka.

Mzee Lutz, aliyekwisha kuisikia maiki tangu barabarani, aliingia na Duane, kofia yake imelowa mafuta ya mashine, akatazama mara moja, akasema kila mtu atoke. Alisema kwa namna ambayo hata waamuzi walisahau ubwana wao, wakatoka wakikanyagana. Mimi nilijibanza nyuma ya gari la zimamoto, kwa umbea tu, si kwa ushujaa. Walibaki Rochelle, Duane na mtoto. Mzee akazungusha uzi mwekundu miguuni pa lile jitu, ambalo sasa niliona wazi ni jini, akasali mpaka sauti ikakwaruza. Jini likasimama tuli, macho ya kioo yakienda kwa mmoja hadi mwingine.

“Naweza kulitoa nyumbani kwenu,” Mzee alisema. “Duniani siwezi. Ni lazima liondoke na mtu mmoja, na linamtaka aliyelitoa kichwani. Nitakuuliza, mama, nawe utajibu ulivyojibu kwenye maiki. Basi.”

“Halafu?” Rochelle aliuliza.

“Halafu litakuwa lako. Litakusumbua. Hutalala vizuri, utakonda, nitakuja kila wiki kukuombea, na baada ya miaka miwili mitatu litakuchoka. Mtu mzima hulimudu. Nimewaona.”

“Na likienda kwa mwingine?”

Mzee Lutz hakumtazama mtoto. “Mdogo halimudu. Usiniulize zaidi. Jibu ulivyojibu, mama, ni neno moja.”

Neno lenyewe lilikuwa uongo ambao Rochelle alikuwa ameusema miaka mitatu bila kupepesa, dukani, kanisani, kwenye gazeti la mji. Hakuna mtu aliyewahi kuombwa jambo jepesi kama hilo.

“Nani aliyeliwaza hili?” Mzee aliuliza.

Jini likainama. Majani yakachakarisha. Rochelle akakiona kile kichwa kikimshukia, akaisikia ile harufu mdomoni mwake, na ukweli ukamtoka.

“Maisie,” alisema. “Mchoro ni wa Maisie. Mimi nilishona tu.”

Duane alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. Uzi ulikatika wenyewe. Jini likanyooka, likageuka, likateremsha mkono mrefu mpaka ukafika usawa wa mtoto.

Maisie hakulia. Hakulitazama hata lile jini. Alimtazama mama yake, muda mrefu, kama watoto wanavyomtazama mwalimu aliyewapa alama isiyo yao.

“Kumbe unajua ni wangu,” alisema.

Duane alimrukia mtoto, akashika gunia tupu; mtoto na jini hawakuwapo tena. Tulimtafuta usiku ule na mwezi mzima uliofuata, msituni, mtoni, kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Rochelle naye alitafuta, akiita jina la mwanawe kwa kelele kuliko sisi sote, na kila aliyekutana naye njiani, yeye mwenyewe alimweleza kwamba lile wazo halikuwa lake.