Moshi wa Jikoni Mtoni Malagarasi

Alhamisi, tarehe 20 Juni 2013, saa moja na dakika kumi asubuhi, mashine ya boti ya zahanati ilikohoa mara tatu ikafa katikati ya Mto Malagarasi. Maji yakaisukuma boti hadi kwenye matete. Ndani yalikuwamo masanduku ya chanjo, mbuzi mmoja aliyepewa lifti, na nahodha Tharsisi, ambaye kufikia saa mbili alishakuwa mtuhumiwa.

"Anauza oili," alisema Dada Firdausi, mganga mfawidhi. "Siku ya tatu hii inazima. Fundi, ukithibitisha, Jumatatu namwondoa kazini."

Fundi Gharibu alikuwa ametoka Kasulu kwa pikipiki, vidole bado vimekakamaa kwa baridi. Kivukoni, boti ilipokwisha kuvutwa, akafungua plagi ya mashine. Nyeusi, imelowa. Akainusa, akainusa tena.

"Nahodha, moshi wake unanukaje?"

"Nisikudanganye, fundi. Unatia njaa. Abiria wanaulizana nani kabeba maandazi."

"Inasumbua saa ngapi?"

"Asubuhi. Jua likishawaka inakwenda kama haijawahi kuumwa."

Lukmani, muuza petroli wa pale kivukoni, akaitwa.

"Mnasema nachakachua?"

"Sijasema, kaka. Lete kidogo." Gharibu akamimina petroli kwenye karatasi. Ikakauka bila kuacha doa. "Safi. Nenda kanywe chai."

Lukmani akaenda haraka, fundi asije akabadili mawazo.

Saa tatu na nusu waliingia stoo ya zahanati. Chini ya rafu sakafu ilikuwa na majivu. Gharibu akayatazama, akachukua chupa ya oili.

"Hii ya lita moja uliifungua lini?"

"Alhamisi iliyopita. Nimechanganya madumu matatu ya petroli. Kila dumu mililita mia nne za oili, kwa kipimo."

"Mara tatu ni elfu moja na mia mbili." Gharibu akainua chupa dirishani. "Na bado ina robo. Hukushangaa?"

"Mimi nilimshukuru Mungu tu."

Hata Firdausi alicheka kidogo. Gharibu akamgeukia. "Dada, mwizi hupunguza. Aliyegusa chupa hii kaongeza."

Akafungua kabureta. Kwenye chujio paliganda uteute wa rangi ya machungwa. Akauweka kiganjani, akatoka nao juani. Ukayeyuka.

"Mawese. Baridi ya asubuhi yanaganda, mashine inakabwa koo. Mchana yanalainika, inapumua. Sasa, zaidi ya nahodha, nani ana ufunguo wa stoo? Na nani ana majivu?"

Mlangoni mwa jiko alisimama Mama Immakulata, mfagizi na mpishi wa kina mama wanaosubiri kujifungua.

"Ni mimi," alisema. "Jumatatu nikifagia niliipiga chupa, oili ikamwagika yote. Nikatia majivu, nikatoka nikaseme. Nikakuta kelele nje: kuna mama ana uchungu, mtoto kakaa vibaya, avushwe, gari linamsubiri ng'ambo. Bila oili boti haiondoki. Oili ile nyekundu, mawese mekundu. Nikasema mafuta ni mafuta, nikajaza chupa."

"Na baadaye?" aliuliza Firdausi.

"Boti ilivuka vizuri. Baadaye nikaona aibu kusema."

Tharsisi alikuwa ameshasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Mama, siku tatu mashine inanifia, leo naitwa mwizi, na wewe unanipakulia maharage tu?"

Immakulata akainamisha kichwa.

Halafu Tharsisi akakaa, polepole.

"Jumatatu saa saba," alisema. "Yule mama alikuwa mke wangu."

Akavua kofia.

"Ningekuta chupa tupu ningesema boti haiendi. Kwa mke wangu mwenyewe ningesema. Naijua akili yangu." Akajifuta uso kwa kofia. "Mtoto analia huko ng'ambo, mama. Analia vizuri sana."

Firdausi akakohoa. "Nahodha, nilikuhukumu mapema. Nisamehe. Na wewe mama, ukimwaga kitu, sema. Nitagomba, halafu tutatafuta kingine."

"Na mashine?" aliuliza Tharsisi.

"Itapona," alisema Gharibu. "Naosha kabureta, naweka plagi mpya, mnatia oili ya kweli. Ingemaliza wiki na mawese tungeizika."

Jumamosi Tharsisi alikuja na dumu la lita tano la mawese, zawadi ya mkewe kwa Mama Immakulata. Alilibeba mwenyewe hadi jikoni, akaliweka kwenye kona iliyo mbali kuliko zote na stoo.