Mbwa wa Sadala na Mchuzi wa Vitunguu

Nyumba ya Sadala na mkewe Chausiku ilikuwa ya mwisho katika mstari wa nyumba za kijiji kipya, karibu na Mkata, wilaya ya Handeni. Watu walikuwa wamehamia hapo kutoka mashamba yao ya zamani. Siku nyingine walilima pamoja shamba la kijiji. Siku nyingine kila familia ilikwenda kwenye shamba lake.

Shamba la Sadala lilipakana na pori. Katika pori hilo kulikuwa na nguruwe na nyani. Nguruwe walikuja usiku, nyani walikuja mchana. Nyani wa huko wana dharau. Wakimwona mwanamume, wanakaa mbali. Wakimwona mwanamke, wanaendelea kula huku wanamtazama. Usidhani natia chumvi. Muulize mwanamke yeyote wa Handeni aliyewahi kulinda mahindi.

Mlinzi wa shamba hilo alikuwa mbwa. Jina lake Watasema. Sadala alimpa jina hilo kwa sababu majirani walimsema sana siku alipomleta. Sadala na Chausiku ni Waislamu, na mbwa wao hakuingia ndani ya nyumba hata mara moja. Alilala shambani chini ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mahindi. Alikuwa na kigae chake cha kulia. Chausiku alimmiminia chakula kwa mbali, akaondoka. Alimtunza vizuri, lakini hakumgusa, wala hakumchungulia karibu.

Mwaka uliotangulia mvua haikunyesha. Watu walipanga foleni kugawiwa unga wa njano. Chausiku alisimama katika foleni hizo na mtoto mgongoni, na zaidi ya mara moja alirudi na kikapu kitupu. Hakupenda kulizungumza jambo hilo. Mwaka huu mvua ilinyesha vizuri. Mahindi yalisimama, yakaanza kutoa ndevu. Kila asubuhi Chausiku aliyatazama, na moyo wake ulitulia kidogo.

Siku moja lori la mboga kutoka milimani liliharibika pale Mkata. Vitunguu vilivyopondeka viliuzwa kwa bei ya kutupa. Sadala akaleta nyumbani gunia zima. Vitunguu vizima Chausiku alivitunza kwa ajili ya mboga. Vile vilivyopondeka aliona vibaya kuvitupa.

Siku zile Watasema alikuwa amechoka na ugali mkavu. Aliunusa, akauacha. Basi Chausiku akapata wazo. Alikata vitunguu vingi, akavikaanga kwa mafuta, akatia maji na chumvi, akamwagia juu ya ugali. Mbwa akala mpaka akalamba kigae. Chausiku akafurahi. Tangu siku hiyo mbwa akawa anakula mchuzi wa vitunguu kila jioni.

Kabla wiki haijaisha, Watasema alianza kubadilika. Nyani wakija, alibweka akiwa amelala. Halafu akawa habweki kabisa. Alihema kama aliyekimbia, kumbe hajaondoka pale alipo.

Chausiku aliogopa. Mahindi yalikuwa yanakaribia kukomaa, na mlinzi amelala. Akamwambia mumewe kwamba mbwa amekosa nguvu, anahitaji chakula kizuri zaidi. Akaongeza vitunguu. Sadala naye alisikia kwamba kitunguu saumu huua minyoo. Akatwanga vitunguu saumu vingi, akachanganya na ule mchuzi. Wote wawili walikuwa na nia njema. Na kila jioni mbwa alizidi kudhoofika.

Asubuhi moja Watasema alisimama ili aende kunywa maji. Miguu ya nyuma ilipishana, akaanguka. Mtu aliyemwona ni Semboja, balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa akipita kwenda shamba la kijiji. Semboja hakuwa mtu mbaya. Lakini katika kijiji cha jirani mtu alikuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, akafa kwa mateso makubwa, na Semboja alikuwepo kwenye mazishi. Alikwenda moja kwa moja kumtafuta Sadala.

"Mbwa wako anapepesuka," alisema. "Mimi nina watoto, na wewe una watoto. Kesho namwita mgambo aje na bunduki."

"Balozi, nipe nafasi mpaka siku ya josho la ng'ombe," Sadala alisema. "Bibi mifugo atakuja. Akisema ni kichaa, nitawaonyesha mwenyewe mahali pa kumpiga."

Semboja alifikiri. Mwishoni alikubali, lakini kwa masharti. Mbwa afungwe kwa mnyororo, mtoto yeyote asisogee, na watu wasimguse.

Siku zile za kungoja zilikuwa ndefu. Sadala alitakiwa shamba la kijiji, kwa hiyo Chausiku alilinda mahindi peke yake kwa kupiga debe. Mwanzoni nyani walishtuka. Baadaye walizoea. Dume moja kubwa lilitoka porini, likavunja bua, likakaa chini na kumenya hindi bichi. Chausiku alipiga debe mpaka mkono ukauma. Akalitupia bonge la udongo. Lile dume lilisogea hatua chache tu, likaendelea kumenya. Wenzake wakaingia nyuma yake.

Walipoondoka, upande mzima wa shamba ulikuwa umelala chini. Chausiku alikaa kwenye mabua yaliyovunjika, akalia. Aliona tena ile foleni ya unga. Jioni hiyo alimpikia mbwa mchuzi mzito kuliko wa siku zote, akimwomba Mungu ampe nguvu.

Siku ya josho ng'ombe walipelekwa kuogeshwa, na bibi mifugo akaja. Jina lake Lea, mwenyeji wa Bungu kule milimani. Alikuwa kijana, aliyesomea kazi ya mifugo. Sadala alimngoja pale joshoni mpaka ng'ombe wa mwisho alipotoka, akamweleza habari yote. Wakaongozana na Semboja mpaka shambani. Chausiku alikuwa hapo na debe lake.

"Shikamoo mama," Lea alisalimu.

"Marahaba mwanangu. Tusaidie. Wanataka kumpiga risasi."

Lea hakumkaribia mbwa mara moja. Alisimama mbali na kuuliza. Amemuuma mtu? Hapana. Amepigana na mbwa mwingine au mnyama wa porini? Hawakuona. Amekuwa mkali, anauma vitu ovyo, anatoka mapovu mdomoni? Hapana, amekuwa mpole kupita kiasi. Lea akaomba maji. Akasukuma kigae kwa fimbo mpaka mbele ya mbwa. Watasema aliinua kichwa, akanywa, akameza vizuri.

"Sisemi si kichaa kwa sababu amekunywa maji tu," Lea alimwambia Semboja. "Umefanya vizuri kuwaambia wamfunge. Lakini dalili ninazoziona ni za ugonjwa mwingine. Nataka kuona zaidi."

Alivaa glavu zake za mpira. Sadala alishika mnyororo kwa nguvu. Lea akaukunjua mdomo wa mbwa pembeni, akawaita wote waangalie fizi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Sadala na Chausiku kuona ndani ya mdomo wa mbwa wao. Fizi zilikuwa nyeupe, na rangi ya njano kidogo. Lea akaonyesha mahali mbwa alipokojoa. Udongo ulikuwa na rangi ya kahawia iliyoiva, kama chai ya rangi.

"Mbwa huyu amepungukiwa damu," alisema. "Kupe wanaweza kuleta hali kama hii." Akapekua masikio na kwapa. Kupe walikuwepo, lakini wachache sana. Akafikiri, kisha akauliza mbwa anakula nini.

Chausiku alijibu kwamba anakula vizuri, pengine kuliko mbwa wote kijijini. Lea akaomba kukiona chakula chenyewe. Chausiku akakimbia nyumbani, akaleta sufuria. Aliifunua kwa fahari kidogo. Harufu ya vitunguu ikajaa hapo chini ya dungu.

Lea aliangalia ndani ya sufuria. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Anakula hivi tangu lini, mama?"

"Tangu lile lori lilipoharibika. Kila siku. Na alipougua nikamwongezea."

"Mama, vitunguu ndivyo vinavyomwua."

Chausiku alishika mdomo. Sadala alisema haiwezekani, kwa sababu wao wenyewe wamekula vitunguu hivyo hivyo na watoto wao ni wazima. Lea alimwelewa. Alieleza taratibu, bila kumlaumu mtu.

"Tumbo la mtu na tumbo la mbwa si sawa, mzee. Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Kibichi, kilichopikwa, kilichokauka, vyote ni vile vile. Kitunguu saumu nacho ni hivyo hivyo, na kwa mbwa kina nguvu zaidi. Akila kidogo leo, huoni kitu. Akila kila siku, damu inaisha polepole. Ndiyo maana anahema, fizi zimekuwa nyeupe, na mkojo umebadilika rangi."

Sadala akainama. "Nimemtwangia saumu mimi mwenyewe," alisema.

"Hukujua. Mngengoja zaidi, angekufa. Na sasa siwezi kukuahidi kwamba atapona. Hakuna sindano ya kuondoa sumu hii. Tutaacha vitunguu leo, tutampa maji, kivuli na chakula sahihi, tutangoja mwili utengeneze damu mpya."

Semboja aliuliza kuhusu kichaa. Lea alisema mbwa aendelee kufungwa na kutazamwa mpaka yeye arudi siku ya josho lijalo. Akibadilika akawa mkali, au akishindwa kumeza, wasimguse, wamwite mara moja. Na akipona, atachanjwa pamoja na mbwa wote wa kijiji. Semboja aliridhika. Akauliza, kwa namna ya mtu asiyetaka kuonekana anauliza, mbwa alishwe nini basi. Yeye pia alikuwa na mbwa.

Lea alikaa juu ya gogo. Alisema ugali wa unga mzuri unafaa, uliopikwa ukaiva, ukapoa. Uchanganywe na kitu cha kujenga mwili. Dagaa wasio na chumvi, waliooshwa na kuchemshwa. Maharage yaliyoiva kabisa. Yai. Utumbo au ini la mbuzi, siku ikipatikana nyama. Vipikwe kwa maji matupu, bila kitunguu na bila viungo, na mafuta kidogo tu. Maji safi yawepo muda wote.

"Na maji ya kuoshea ng'onda, wale samaki wa chumvi?" Chausiku aliuliza. "Huwa nampa."

"Usimpe. Chumvi ni nyingi mno. Na mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama miiba na kutoboa utumbo. Mihogo michungu mibichi na maganda yake, hapana. Pombe na machicha yake, hapana. Na jambo moja kubwa zaidi. Mahindi yenye ukungu msimpe mbwa. Kila nyumba ninayoingia, mahindi mazuri ni ya watu, yaliyooza ni ya mbwa na kuku. Ukungu ule unaua ini. Mkiuona, fukieni."

Kabla hajaondoka, Lea alimfundisha Chausiku kuangalia fizi. Chausiku alisita. Lea alielewa sababu. Alimwachia glavu zake, akasema ni kukunjua mdomo na kutazama tu, na mikono inaoshwa baadaye. Chausiku akakubali.

Siku zilizofuata hakuna aliyelala vizuri katika nyumba ile. Chausiku alichemsha dagaa na maharage katika chungu cha pembeni. Siku za kwanza Watasema alilamba kidogo tu. Kila asubuhi Chausiku alivaa glavu, akakunjua ule mdomo, akaona weupe ule ule. Nyani nao hawakungoja mgonjwa apone. Sadala alimwomba ruhusa mwenyekiti wa kijiji, akalinda shamba pamoja na mkewe, na hata hivyo waliendelea kupoteza mahindi.

Kisha asubuhi moja Chausiku aliona wekundu hafifu pembeni mwa meno. Hakuamini. Akamwita Sadala aje athibitishe. Sadala akatazama, akasema ni kweli, akageuka upande ili mkewe asimwone anafuta macho.

Lea aliporudi, alimkuta mbwa amesimama kwa miguu yake. Hakuwa na dalili ya kichaa. Semboja mwenyewe alisema mnyororo unaweza kufunguliwa. Nguvu zilichelewa kurudi, lakini sauti ilirudi mapema. Lile dume la nyani lilitoka porini likiwa na uhakika wake, Watasema akabweka mara moja, na dume likarudi mbio likiwapita wenzake njiani.

Walivuna. Sehemu ile iliyoliwa haikurudi, lakini mahindi yaliyobaki yalijaza kihenge. Chausiku aliketi uani akichambua. Mazuri aliyaweka upande mmoja. Yenye ukungu aliyaweka upande mwingine, akachimba shimo, akayafukia yote. Halafu akachukua debe, akalijaza mahindi mazuri, meupe, makavu, akaliweka pembeni na kulifunika.

Sadala aliuliza debe hilo ni la nani. Mkewe akamjibu ni la Watasema. Sadala alikuna kichwa. Alisema maharage sawa, dagaa sawa, lakini mbwa kupewa mahindi yale yale wanayokula watoto wake, watu watamcheka kijiji kizima.

Chausiku hakuacha kuchambua.

"Baba Mwinjuma," alisema, "unadhani mahindi haya sisi ndio tumempa yeye?"

Sadala alikitazama kihenge kilichojaa mpaka juu. Akalinyanyua lile debe, akalipeleka ndani, pasipofikiwa na panya.